Tundu la Maji

Fundi Mwarami aliniambia mapema,
kabla hatujafika kozi ya tatu,
amechuchumaa, mwiko mkononi:
"Bosi, tuache tundu hapa chini.
Maji hufuata mkondo, na mkondo ni huu."
Nikamwambia, ziba.
Mwenye hati ni mimi,
mkondo hauna hati.

Akaziba. Nikamlipa, hata nauli nikamwongeza.

Kinyerezi yote kule bondeni iliujua ukuta wangu:
kozi kumi na mbili, saruji sikuibania,
na juu kabisa vigae vya chupa,
vya kijani, vya kahawia,
jua la asubuhi likivipiga
nasimama na kikombe changu cha chai, natazama.
Ng'ambo ya ukuta aliishi Bi Sikujua,
muuza mihogo ya kukaanga,
vyumba viwili, lipu bado.

Usiku ule wa masika
maji yalishuka kutoka mlimani,
yakaufikia ukuta, yakasimama,
kama mgeni anayesoma namba ya nyumba,
kisha yakakata kushoto.

Nilisikia geti likigongwa.
Nilijiambia ni mwizi.
Lakini mwizi hagongi,
na mwizi haiti, "Jirani! Jirani!"
Nikaongeza sauti ya runinga.
Ulikuwa mpira wa marudio,
matokeo nayajua tangu Jumamosi;
nikautazama hadi filimbi ya mwisho.

Kulipokucha, mjumbe Kibwana alikuja na daftari.
Watu wamesimama na mafagio, matope hadi magotini,
godoro limeegemea mpapai kama mlevi.
"Hukusikia jana watu wakipiga kelele?"
Nikajibu, "Sikujua."
Yule binti yake, Mwajabu, akageuka haraka:
alidhani namwita mama yake.

Nilikuwa nimemwita kweli.
Jina lake nimelifanya kinga
mbele ya mlango wake uliong'oka.

Mwajabu alikuwa anaanika madaftari,
Hisabati, Sayansi, Maarifa ya Jamii,
kila ukurasa kaukandamiza kwa kokoto,
wino umechuruzika bluu hadi pembeni.
Moja, nene kuliko yote, alikuwa ameliweka juu,
katikati ya vigae vyangu,
maana ukuta wangu ndio ulioliwahi jua.
Aliponiona akashusha macho.
"Shikamoo."

Hilo neno nimelipokea miaka mingi
kama mtu anavyopokea chenji, bila kuhesabu.
Siku ile nilitafuta "marahaba" mdomoni
nikakuta ulimi, meno, na mate.
Mwishowe nikaitamka. Ilitoka ndogo.

Nisidanganye, sikutubu siku hiyo.
Nilipeleka unga kilo tano na sabuni,
nikarudi kulala, na nikalala.
Zilipita siku tisa.
Ya kumi, kabla ya adhana, nikachukua tindo na nyundo,
nikapiga magoti pale pale alipochuchumaa fundi.
Kazi ya Mwarami ilikuwa halali: ilinikatalia.
Viganja vilipasuka kabla ya tofali.
Mke wangu, khanga begani, taa mkononi:
"Nyoka wataingia."
Huenda.
Nikaendelea kupiga.

Mvua iliyofuata iliingia kwangu
na vyake vyote ilivyookota njiani:
kandambili ya mguu mmoja, magunzi,
ganda la betri, povu la sabuni ya mtu nisiyemjua.
Ukoka wangu ukalala chini ya tope,
maji yakafika kwenye magurudumu ya gari, yakatulia.

Nikachukua fagio.
Ng'ambo nako nilisikia fagio,
swa, swa, halafu kimya, halafu swa.
Bi Sikujua hakuniita, hakunishukuru.
Anishukuru nini?
Nusu ya yale maji ilikuwa yangu tangu mwanzo,
yeye alinibebea msimu mzima,
chumbani, kitandani,
kwenye daftari la mtoto.

Nilifagia hadi mgongo ukaniuma.
Bado yalikuwa yanaingia.